Kumbukumbu za madaktari au za waliofungwa bila hatia: kikundi cha kusoma kianze na kipi?

Binti wa Upanga (mwenye uzi)

Wadau, salaam. Kikundi chetu cha kusoma hapa Dar kina watu 12: wauguzi, walimu wa sekondari, wanafunzi wawili wa sheria na wengine wa maofisini. Tunakutana Jumamosi mbili kwa mwezi, na kitabu kimoja tunakipa miezi miwili, yaani mikutano 4. Zamu hii ni ya kumbukumbu za maisha na kura zimegongana: nusu wanataka vitabu vya madaktari, nusu wanataka vya watu waliofungwa kwa makosa ambayo hawakuyatenda. Upande wa hospitali wametajwa Paul Kalanithi, Henry Marsh na Adam Kay. Upande wa gereza ni Anthony Ray Hinton, Albert Woodfox na Mohamedou Ould Slahi.

Naomba anayevijua aseme ndani kuna nini, msomaji wa kawaida atakwama wapi, na kipi kinabeba mjadala wa mikutano 4. Tafadhali msiniambie vyote ni vizuri, hilo nalijua.

Msomi wa Zamu

Dada, nianze na hospitali. Vitabu hivyo vitatu haviko fungu moja. Kuna daktari anayeandika kuhusu wagonjwa wake, na kuna daktari anayeandika akiwa yeye ndiye mgonjwa. Watu wakivichanganya, mkutano wa kwanza unaishia kwenye manung'uniko.

Kalanithi ni wa fungu la pili. Alikuwa anamalizia mafunzo ya upasuaji wa ubongo Stanford, mwaka 2013 akagundulika na saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, akafariki Machi 2015 akiwa na miaka 37. *When Breath Becomes Air* kilitoka Januari 2016. Hakuwahi kukimaliza, sehemu ya mwisho imeandikwa na mkewe, Lucy, ambaye naye ni daktari. Ni kifupi, kama kurasa 230. Kinakwamisha mwanzoni, kwa sababu alisoma fasihi kabla ya udaktari na anawaita washairi na wanafalsafa kana kwamba msomaji amekaa nao. Asiyewajua avuke tu, hapotezi kitu kikubwa. Kwenye nusu ya pili kuna jambo la kuelezwa mapema: anameza vidonge badala ya kuanza na dripu za kemo, uvimbe unanywea, anarudi chumba cha upasuaji, kisha saratani inaizoea dawa. Vidonge vile hufanya kazi pale ambapo uvimbe wenyewe una badiliko fulani la vinasaba, ndiyo maana hupimwa kwanza. Msipowaambia watu hilo, wengine watasoma muujiza mahali ambapo pana kipimo cha maabara.

Marsh ndiye ningempigia kura mimi. *Do No Harm*, 2014, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo London. Kila sura imepewa jina la ugonjwa au hali fulani, na juu yake kuna maana ya neno hilo kwa mistari michache, kwa hiyo asiye wa fani hapotei. Tena kila sura inasimama yenyewe. Aliyekosa mkutano mmoja anaendelea bila kuvuta wenzake nyuma.

Chukueni sura ya *Hubris*. Mgonjwa ana uvimbe mkubwa chini kabisa ya ubongo, umekaa karibu na mishipa ya damu inayolisha shina la ubongo. Upasuaji unapita saa 15. Sehemu kubwa imekwisha kutoka salama. Anaamua kufuata kipande cha mwisho, na hapo anachana kimshipa kidogo kinachochipuka kwenye ateri kubwa. Mgonjwa hakuamka tena. Miaka baadaye Marsh anaenda kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa wasiojiweza na kuliona jina la mgonjwa huyo mlangoni. Hapo kikundi kinaweza kukaa saa 2 nzima kwenye swali moja: ni wakati gani mpasuaji aseme imetosha, na nani mwingine chumbani ana mamlaka ya kumwambia?

Kay, *This Is Going to Hurt*, ni shajara za daktari wa wodi ya wazazi, 2004 hadi 2010. Vipande vifupi, vinasomeka hata umesimama kwenye mwendokasi. Shida ni mbili: utani wa Kiingereza usiohamishika, na lugha chafu nyingi. Kama mna wazee ndani ya kikundi, waambieni kabla. Mwisho wake hauchekeshi: ni upasuaji wa kujifungua ambapo kondo la nyuma lilikuwa limeziba mlango wa kizazi na hakuna aliyelijua hilo mapema. Aliacha kazi baada ya hapo.

Mpita Njia Magomeni

Mkuu, mbona humtaji Abraham Verghese?

Msomi wa Zamu

Kweli, alistahili. *My Own Country*, 1994. Alizaliwa Addis Ababa kwa wazazi walimu kutoka India, mapinduzi ya Ethiopia yakamkatizia masomo ya udaktari, akaishia mji mdogo wa Johnson City, Tennessee, akiwatibu wagonjwa wa UKIMWI katika miaka ya 1980. Kwa msomaji wa Tanzania ambako wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, kile kitabu kinagusa mahali panapojulikana. Ila msomaji akumbuke tarehe: mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi unaofanya kazi ulikuja 1996. Daktari katika kitabu hana cha kutoa zaidi ya kutibu magonjwa nyemelezi na kukaa na mtu. Kijana aliyekua ARV zikiwa zinapatikana kliniki atajiuliza kwa nini kila mtu anakufa. Ni kirefu, hakiwafai kwa miezi miwili.

Kalamu ya Utetezi

Nichukue upande wa gereza. Kabla ya kura ulizeni jambo moja kwa kila mwandishi: alitokaje?

Hinton alifutiwa mashtaka, akatoka tarehe 3 Aprili 2015 baada ya karibu miaka 30, sehemu kubwa akiwa kwenye chumba cha kusubiri kutekelezewa hukumu ya kifo, jimbo la Alabama, Marekani.

Woodfox alikaa kifungo cha upweke zaidi ya miaka 40 gereza la Angola, Louisiana, kwa kosa la kumuua askari magereza mwaka 1972 ambalo alilikana maisha yake yote. Hukumu zake zilibatilishwa zaidi ya mara moja, lakini siku anayotoka, 19 Februari 2016, alitoka kwa makubaliano: hakupinga shtaka dogo la kuua bila kukusudia, bila kukiri kwamba alitenda. Na wakati askari yule anauawa, tayari alikuwa akitumikia kifungo cha wizi wa kutumia silaha, jambo ambalo halifichi.

Slahi, raia wa Mauritania, hakuwahi kushtakiwa kabisa. Alifikishwa Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani, Agosti 2002, jaji akaamuru aachiwe mwaka 2010, akatoka Oktoba 2016. Huyo hakuwahi kuwa mfungwa kwa maana ya sheria, kwa sababu hapakuwa na hukumu.

Mtaona kwamba ni watu watatu wenye hali tatu tofauti kisheria. Msipolitenganisha hili siku ya kwanza, mjadala utazunguka pale pale: "lakini mbona alikubali shtaka?" Sisi wenyewe tunalo jambo la karibu na hilo. Rais akisamehe chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, adhabu inaondoka au inapungua. Hilo si sawa na Mahakama ya Rufani kusema hukumu ilikuwa batili na kuifuta. Mtu wa kwanza ametoka na hukumu yake, wa pili hana hukumu.

Kwa kikundi chenu nasema Hinton, *The Sun Does Shine*, 2018. Sababu yangu ni ushahidi, kwa sababu huyu mwandishi amefungwa na kitu kimoja kinachoweza kuelezwa mezani kwa dakika 10.

Mameneja wawili wa migahawa waliuawa eneo la Birmingham mwaka 1985. Katika tukio la tatu meneja alinusurika akamtambua Hinton kwa sura, ingawa saa hiyo Hinton alikuwa zamu ndani ya ghala lenye lango na mlinzi, maili kama 15 kutoka hapo. Polisi wakachukua bastola kuukuu ya mama yake. Ndani ya mtutu wa bastola kuna mifuo inayozunguka. Risasi ikipita inabaki na mikwaruzo. Mtaalamu anaweka risasi mbili chini ya hadubini ya kulinganishia, anazizungusha mpaka mikwaruzo ifuatane au ikatae. Mashahidi wa serikali wakasema risasi zote zimetoka kwenye bastola ile. Kesi ilisimama hapo, na hapakuwa na alama ya kidole wala kitu kingine.

Wakili aliyepangiwa na mahakama aliamini sheria inampa dola 1,000 tu za kumlipa mtaalamu wa upande wake. Sheria ilikuwa imekwisha kubadilishwa, angeweza kuomba zaidi, hakuisoma. Kwa pesa ile akampata mtu mmoja mwenye jicho moja tu, aliyehangaika hata kuitumia hadubini yenyewe. Mwendesha mashtaka akamvua nguo mbele ya jury, yaani raia 12 wanaosikiliza kesi. Mwaka 2002 wataalamu 3 wenye uzoefu mkubwa walisema risasi haziwezi kuhusishwa na bastola ile. Bado ilichukua hadi Februari 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani kutamka kwamba utetezi ule haukutosha.

Angalieni mahakama ilisema nini hasa. Haikusema "huyu hana hatia". Ilisema wakili alikosea kutoijua sheria ya malipo, kesi irudi chini. Serikali ya jimbo ikashindwa kuzilinganisha risasi upya, ikaacha mashtaka.

Kurasa za Jioni

Ndugu wakili, kwa nini miaka 12 ipite kati ya wataalamu watatu na Mahakama ya Juu? Hapo ndipo wasomaji wengi hukata tamaa na kitabu, wanaona kinajirudia.

Kalamu ya Utetezi

Kwa sababu kule kesi inapanda ngazi mbili. Kwanza rufaa ya kawaida ndani ya jimbo. Ikigonga mwamba, mfungwa anafungua maombi mapya ya kupinga hukumu, na maombi hayo nayo yanaanzia mahakama ya chini na kupanda tena. Jimbo linaweza kupinga kila hatua, na jaji anaweza kukaa na uamuzi miaka. Mmoja wa wanafunzi wenu wa sheria achore ngazi hizo kwenye karatasi moja, wabandike ukutani kila mkutano. Pia aeleze kwamba wale 12 wa Alabama ndio wanaoamua mtu ana hatia au la. Wazee wa baraza wetu walikuwa wakimshauri jaji, na jaji hakufungwa na ushauri wao.

Woodfox, *Solitary*, ni kitabu kikubwa zaidi kwa uzito. Ila kimepita kurasa 400 na kinadai mjue habari za Black Panther, chama cha wanaharakati weusi wa Marekani. Kiwekeni mwakani.

Mwalimu wa Kiswahili, Temeke

Naomba niingize cha nyumbani. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka 3 kwa uchochezi, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake wa *Kenya: Twendapi?* Mashairi aliyaandika humo gerezani Kamiti kwenye karatasi za chooni, yakatoka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Si kumbukumbu za nathari na kesi yake si ya kukosewa mtu: waraka aliuandika yeye mwenyewe. Aliadhibiwa kwa maoni. Kwa hiyo hakijibu swali la dada moja kwa moja. Lakini mkutano mmoja ukifunguliwa kwa shairi moja la humo, lililoandikwa kwa lugha ambayo hakuna mezani anayehitaji kamusi ya kigeni kuifikia, watu watasikia upweke wa seli kabla hawajaanza kuhesabu tarehe za rufaa. Chagueni shairi fupi, lisomwe mara mbili, mara ya pili polepole.

Takwimu za Kinondoni

Mnagombania hospitali na gereza kana kwamba havikutani. Vinakutana kwenye kizimba cha shahidi mtaalamu, na hapo ndipo wauguzi na wanasheria wa kikundi hicho wangefaidi pamoja.

Angela Cannings, Uingereza. Alipoteza watoto watatu wachanga kwa nyakati tofauti. Aprili 2002 akatiwa hatiani kwa kuwaua wawili. Desemba 2003 hukumu ikafutwa, na Mahakama ya Rufaa ikaeleza kwamba pale ambapo wataalamu wakubwa wanapingana juu ya chanzo cha kifo, na hakuna ushahidi mwingine wenye nguvu, mashtaka ya namna hiyo hayapaswi kuendelea. Ameandika kumbukumbu zake, zilitoka 2006.

Ukisoma kesi yake lazima uisome na ya Sally Clark, aliyetiwa hatiani 1999 kwa kuwaua watoto wake wawili wachanga na kuachiwa Januari 2003. Daktari bingwa wa watoto, Roy Meadow, aliiambia mahakama kwamba vifo viwili vya ghafla vya watoto wachanga katika familia kama ile hutokea mara 1 katika milioni 73. Ile namba ilipatikana hivi: alichukua 1 katika 8,543 akaizidisha kwa yenyewe. Zidisheni wenyewe, inatoka 72,982,849.

Kuna makosa mawili, na yote yanaelezeka bila hesabu ngumu. La kwanza, kuzidisha kunaruhusiwa ikiwa tukio moja halina uhusiano na la pili. Watoto wa tumbo moja wana damu moja, nyumba moja, hewa moja. Kama kuna kasoro ya kurithi, kifo cha kwanza kinaongeza uwezekano wa cha pili. La pili ni baya zaidi, kwa sababu hata mwenye akili timamu anaingia. Watu walisikia milioni 73 wakadhani ndiyo nafasi ya mama kuwa hana hatia. Siyo. Mama kuua watoto wake wawili nako ni jambo adimu mno. Watoto wamekwisha kufa. Swali ni lipi kati ya mambo mawili adimu ndilo lenye uzito zaidi, na namba ile haigusi swali hilo. Chama cha wanatakwimu cha Uingereza, Royal Statistical Society, kililipinga hadharani Oktoba 2001. Kilichomtoa Clark zaidi ni majibu ya vipimo vya bakteria vya mtoto mmoja, ambayo daktari aliyefanya uchunguzi wa mwili hakuyaweka wazi kwa upande wa utetezi.

Risasi za Hinton na namba ya Meadow ni kisa kimoja. Mtaalamu anasema kwa uhakika kuliko sayansi yake inavyoruhusu, na upande wa pili hauna pesa au hauna mtu wa kumjibu.

Msomi wa Zamu

Hili limenigusa, na naongeza kesi ya Benghazi: wauguzi watano wa Bulgaria na daktari mmoja Mpalestina, walikamatwa 1999, wakahukumiwa kifo mara mbili nchini Libya kwa kudaiwa kuwaambukiza VVU watoto zaidi ya 400 hospitalini. Uchambuzi wa vinasaba vya virusi uliochapishwa Desemba 2006 ulionyesha virusi vile vilikuwa vikizunguka hospitalini pale kabla wageni hawajafika Machi 1998. Waliachiwa Julai 2007. Kwa wauguzi wa kikundi somo liko kwenye sindano na vifaa visivyotakaswa: maambukizi ya wodini yaligeuzwa njama ya watu.

Rafu ya Mitumba

Mimi niseme ya upatikanaji tu. Vitabu hivi vinavuma, kwa hiyo barabarani mjini utauziwa nakala za kuchapa kwa wizi pamoja na mitumba halali. Kabla ya kulipa: fungua katikati ukikunje nyuma kidogo, gundi mbovu inalia na karatasi zinaanza kuachia, pitia namba za kurasa haraka kwa kidole gumba, maana nakala za wizi huruka au hurudia kurasa kwa mafungu ya 16, linganisha namba ya ISBN ya jalada la nyuma na ile ya ukurasa wa hakimiliki, tazama picha za ndani kama zimegeuka madoa. Marsh na Kalanithi wana maneno madogo ya kitabibu, na wino ukivuja hayasomeki.

Slahi ana jambo lake. Toleo la 2015 la *Guantánamo Diary* limejaa mistari iliyofutwa kwa wino mweusi, zaidi ya sehemu 2,500, mahali pengine kurasa nzima. Hiyo si kasoro ya uchapaji, usirudishe kitabu dukani. Ni serikali ya Marekani iliyofuta. Aliandika kwa mkono kurasa 466 kwa Kiingereza, lugha yake ya nne. Mwaka 2017 likatoka toleo lililorejeshewa maneno. Kikundi kikinunua nakala mchanganyiko, namba za kurasa zitapishana na mkutano utaharibika. Chagueni toleo moja wote. Wasio na uwezo wa kununua waulize kwanza Maktaba Kuu pale Bibi Titi kabla ya kutoa kitabu kizima fotokopi.

Binti wa Upanga (mwenye uzi)

Asanteni sana, ndugu zangu. Nimewasomea wenzangu uzi huu na kura zimehama. Tunachukua Hinton kwa mikutano yote 4, na mkutano wa 3 tunaingiza sura ya *Hubris* ya Marsh pamoja na hesabu ya Meadow. Kitabu cha Hinton kina kurasa kama 250, kwa hiyo ni 60 na kitu kwa kila wiki mbili, kurasa 4 au 5 kwa siku. Swali la mwisho: huo mkutano wa 3 tuupange vipi ili wauguzi na wanasheria wasigeuke kambi mbili?

Takwimu za Kinondoni

Badilisheni viti. Mwuguzi ndiye aeleze hadubini na risasi, mwanafunzi wa sheria aeleze upasuaji wa Marsh. Kila mmoja atalazimika kuuliza upande wa pili kabla ya Jumamosi. Hesabu ya Meadow apewe mwalimu, na kila mtu awe na simu yake aizidishe mwenyewe.

Kalamu ya Utetezi

Na wakati wa kusoma Hinton, kila mtu aweke alama kwenye kurasa anapotajwa rafiki yake Lester. Alimtembelea kwa miaka yote ile. Tena msiziruke kurasa za kikundi cha kusoma alichokianzisha Hinton kwa waliohukumiwa kifo, walichokianza na kitabu cha James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani. Mkutano wa 1 uanzie hapo, hata kama ziko mbali ndani ya kitabu: watu wenu wataona haraka kwa nini wamepewa kitabu hiki. Ngazi za mahakama zije mkutano wa 2.